Kiingereza cha Nyuma ya Ukuta

Bramwel Shitanda alipewa siku ishirini na moja za kujua Kiingereza. Akishindwa, kazi imekwisha, na nyumba ya serikali kule Amalemba anairudisha kabla ya mwezi kwisha.

Habari hiyo aliipokea amesimama, tarehe tano Oktoba, mwaka wa 1964, pamoja na matarishi wenzake wanne. Bwana Maina, mkubwa mpya wa ofisi, aliisoma kwenye karatasi bila kuinua macho. Matarishi watano walikuwa wengi mno. Serikali sasa ilitaka makarani. Wawili watakaofaulu mtihani wa kuzungumza Kiingereza wangepewa meza na kazi ya kupanga mafaili. Watatu watakaobaki wangekwenda nyumbani.

"Kuna swali?" Bwana Maina aliuliza.

Hakukuwa na swali. Bramwel alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita. Alikuwa tarishi kwa miaka kumi na minne, na kwa miaka hiyo yote Kiingereza alichohitaji kilikuwa neno moja. Mzungu alikuwa akinyoosha bahasha na kusema, "Take." Bramwel akaipokea, akapanda baiskeli, akaenda. Mzungu aliondoka baada ya Uhuru, na waliokalia kiti chake walinyoosha bahasha vilevile na kusema vilevile. Hakuna aliyemwambia kwamba neno lile lilikuwa na watoto wengi.

Nje, kwenye banda la baiskeli, Khisa alimkuta akipuliza gurudumu ambalo halikuwa limepungua upepo. Khisa alikuwa tarishi mwenzake, kijana wa miaka ishirini na minane, mwenye soksi nyeupe.

"Mzee Shitanda, utaweza kweli? Wewe hata 'good morning' unaisemanga kama mtu anaumwa na jino."

"Na wewe unajua nini?"

"Mimi najua kucheka. Mkubwa akisema kitu, nacheka, nasema 'yes sir'. Akinyamaza, nanyamaza. Hiyo inatosha."

Barasa, karani mkuu, alimwita Bramwel nyuma ya stoo. Barasa alikuwa mtu wa hapa hapa Kakamega, na ndiye angekaa na Bwana Maina siku ya mtihani.

"Ile karatasi unaijua?"

"Karatasi gani?"

"Ya 'take'. Mtihani ni uleule tangu wakati wa mkoloni. Mzungu aliuacha kwenye kabati, na huyu mpya hajapata mwingine. Neno moja, matumizi ishirini na manne. Mtu akiyajua yote, amepita."

"Na bei yake?"

"Bei gani, mzee? Sisi si watu wa nyumbani?" Barasa alitazama huku na huku. "Lakini watoto wangu hawajaonja ingokho tangu Pasaka."

Jioni ile jogoo pekee wa Bramwel alitoka Amalemba amefungwa miguu, ananing'inia kwenye usukani wa baiskeli ya serikali. Karatasi ilirudi imekunjwa mara nne ndani ya kofia.

 

"Ishirini na nne?" Jescah, mkewe, aliuliza. "Ya neno moja?"

"Neno moja."

"Na hao Wazungu wakiongea wanasikizananga vipi?"

Bramwel alikuwa ameitandaza karatasi mezani, anaipapasa kama mtu anayetafuta tundu kwenye shuka. Alisoma mpaka darasa la tatu kwenye shule ya misheni, kisha baba yake akafa na ng'ombe wakabaki bila mchungaji. Herufi alizijua. Anwani za bahasha alizijua. Lakini hapa "take" lilikuwa limesimama mara ishirini na nne, moja chini ya jingine, na kila moja lilikuwa na kineno kidogo nyuma yake: off, in, on, over, after. Vineno vile alivijua pia, kimoja kimoja. Vikiungana na "take" alikuwa hajui lolote.

"Nitatafuta mwanafunzi wa shule kule Shieywe," alisema.

"Umlipe na nini? Jogoo amekwenda." Jescah alikuwa anachambua kunde. Aliendelea kuchambua, kisha akasema kama mtu anayezungumza na kunde zenyewe, "Mwalimu yuko hapa hapa."

"Nani?"

"Mama Ayuma."

Bramwel aliinua kichwa. "Jescah, umelewa?"

"Mimi nakunywanga pombe siku gani?"

Mama Ayuma ni Priscah, mke wa mwana wao Phineas. Phineas alikuwa Jinja, kwenye kiwanda cha nguo. Priscah alikuwa amemaliza chuo cha ualimu, akazaa, na sasa alikuwa akingoja kupangiwa shule. Alikuja mjini mtoto alipougua kifua, akabaki ili awe karibu na hospitali. Usiku alilala kwa Mideva, mjane wa nyumba ya tatu, kwa sababu mtu na mke wa mwanawe hawalali chini ya paa moja. Hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, hawatazamani usoni. Bramwel akirudi kutoka kazini alikuwa akikohoa tangu barabarani ili Priscah apate nafasi ya kuingia jikoni. Kwa miezi minne walikuwa hawajaambiana maneno kumi.

"Mke wa mtoto wangu anifundishe?" Bramwel alisema. "Akae wapi? Mimi nikae wapi? Nikikosa anichape?"

"Yeye akae jikoni anapika. Wewe ukae hapa. Ukuta uko katikati. Kwani Kiingereza kinaingilianga machoni?"

"Watu watasema."

"Watu wanasemanga kila siku. Hao watu watatupa nyumba?"

Bramwel alikunja karatasi, akaikunjua tena. Alipolala alikuwa hajakubali. Asubuhi aliiacha karatasi mezani, akaondoka bila kusema neno, na Jescah akaelewa kwamba amekubali.

 

Jiko lilikuwa kibanda kilichoegeshwa ubavuni mwa nyumba. Kati yake na sebule kulikuwa na ukuta wa mbao uliobandikwa magazeti ya zamani, na magazeti yalikuwa yamechanika hapa na pale. Ili asije akaona kitu kwenye nyufa, Bramwel aliweka kigoda na kukaa ameupa ukuta mgongo. Sauti ya Priscah ilimjia kwa nyuma, usawa wa shingo.

"Baba, uko tayari?"

"Niko."

"Namba moja. 'Take off.' Ni kuvua, kama kuvua koti."

"Kuvua."

"Ndege pia ikiondoka chini na kuruka, wanasema 'take off'."

Bramwel alifikiri. "Ndege imevua nini?"

Jescah, aliyekuwa kizingitini na mtoto mapajani, akaangua kicheko mpaka mtoto akashtuka. Nyuma ya ukuta kulisikika mtu anakohoa ndani ya kitambaa.

"Haijavua kitu, Baba," Priscah alisema sauti ilipomrudia. "Usiitafsiri hivyo. Hiyo 'take' uifikirie kama tarishi. Yenyewe haina kazi yake. Inakwenda inakotumwa. Kile kineno cha nyuma ndicho kinachoituma."

Bramwel akasema polepole, "Sasa nimesikia."

Walifanya mawili kwa jioni, muda ule tu ambao maji ya obusuma yalikuwa yakichemka na unga kuiva. Sufuria ikishuka, somo limekwisha. Mwalimu mwingine angeonyesha kwa mikono, angevua koti, angeinua kiti, angeshika kitu akakiweka. Priscah hakuweza. Alibaki na sauti, na Bramwel alishika maneno pamoja na kelele za jikoni zilizokuja nayo. "Take in," kukaribisha mtu nyumbani, ilikuja mwiko ukikwangua sufuria. "Take down," kuandika unachoambiwa, ilikuja maji yakimwagwa. "Take over," kushika mahali pa mtu aliyeondoka, ilikuja ukuni ukivunjwa gotini.

"Hiyo ya kushika mahali pa mtu," Bramwel alisema, "ni kama Bwana Maina na Mzungu."

"Hiyo kabisa, Baba."

"Na aliyeondolewa anaitwa nani?"

"Huyo hana neno hapa kwenye karatasi."

Jioni ya nne walifika "take after", kufanana na mzazi au babu.

"Nipe mfano," Bramwel alisema. Alikuwa amezoea kudai mifano.

"'Ayuma takes after her grandfather.' Ayuma amemfuata babu yake. Paji la uso, na hizo nyusi."

Bramwel hakurudia sentensi ile. Alikuwa akimtazama mtoto mapajani kwa Jescah. Mwisho alisema, "Maskini mtoto," na Jescah akamwambia aache ujinga, asome.

Ijumaa Mideva alisimama uani na beseni la nguo.

"Jescah, kwenu jioni kuna kerere. Watu wa laini wananiuriza ni kanisa gani hiri."

"Waambie ni kanisa la wenye njaa. Waje na sadaka."

"Mimi sisemi kitu. Lakini mwanamume kusemeshana na mke wa mtoto wake kira siku, na kucheka juu yake? Mimi kwetu sijaona."

"Kwenu umeona nini? Mtu akilala na hamna chakula, ni kwenu anakwendanga kuomba?"

Mideva alijitwika beseni, akaenda. Bramwel alisikia yote akiwa ndani. Jioni ile alisoma kwa kunong'ona, na Priscah akanong'ona pia. Hilo lilionekana baya zaidi, kwa hiyo kesho yake wakarudia sauti zao za kawaida.

 

Barua ya Priscah ilifika Jumamosi, tarehe kumi. Bramwel alikuwa ametumwa kupeleka bahasha. Priscah aliisoma amesimama jikoni, kisha akamsomea mama mkwe wake kwa Kiswahili. Alikuwa amepewa shule Lugari, huko kwenye mashamba ya Wazungu yaliyogawiwa wakulima. Mwalimu mmoja alikuwa ameondoka katikati ya muhula. Alitakiwa awe amefika kabla ya tarehe kumi na tisa.

Jescah alihesabu kwa vidole. "Na mtihani ni tarehe ishirini na sita."

"Naweza kumwandikia Baba yote kwa Kiswahili, Mama. Asome mwenyewe."

"Nani? Yule? Peke yake hata ukurasa mmoja hamalizi, ataangalia karatasi mpaka alale." Jescah aliketi kwenye gogo. "Mama Ayuma, nyumba hii ikienda tutakwenda wapi? Huko nyumbani paa limeanguka, unalijua. Omba wiki moja. Wiki moja tu. Shule itakimbia?"

Priscah alikuwa ameishika karatasi kwa ncha za vidole, kama kitu kilicholoa. "Wanaweza kumpa mtu mwingine, Mama."

Mke wa mwana anaweza kumpinga mama mkwe wake mara moja. Priscah alikuwa ameshaitumia hiyo mara moja. Jescah alimtazama tu, uso umechoka, na Priscah akatafuta kalamu akaandika kuomba wiki moja. Ile barua ya serikali Jescah aliikunja akaitia ndani ya kopo la majani ya chai, chini kabisa, ili mzee asisumbuke kichwa kabla ya mtihani.

Jumatatu jioni walifika namba kumi na moja.

"Mama Ayuma?" Bramwel aliita, kwa kuwa ukuta ulikuwa umenyamaza.

"'Take up', Baba. Ni kuanza kazi uliyopewa. 'To take up a post.'"

"Mfano."

"'She will take up her post.' Ataanza kazi yake."

"Nani huyo?"

"Mtu yeyote, Baba. Ni mfano tu."

Jioni ile obusuma iliungua chini. Bramwel aliila yote.

Siku zilivyokwenda alizidi kunyooka. Alisema maneno njiani juu ya baiskeli. Aliyasema akinyoa. Tarehe ishirini na tano, Jumapili, waliyapitia yote bila kutazama karatasi. Priscah alitaja kutoka nyuma, Bramwel akajibu, kutoka la kwanza mpaka la ishirini na nne, kisha kutoka la mwisho kurudi mwanzo. Hakukosa hata moja.

"Umepita, Baba," sauti ilisema.

Ni Jescah peke yake aliyekuwa anaweza kuwaona wote wawili. Aliona mumewe ameketi ameufumba mdomo, mikono magotini, anatikisa kichwa polepole kama mtu anayekubali wimbo. Aliona mkwewe ameegemea ukuta uleule, mgongo kwa mgongo naye, mtoto kifuani, amefumba macho.

 

Chumba cha mtihani kilikuwa na meza moja na viti vinne. Bwana Maina alikaa katikati. Barasa alikaa kulia kwake. Kushoto alikaa Bi Jepchirchir, mpiga taipu, na penseli ya kuweka alama. Khisa alikuwa ametoka tu, anarekebisha soksi.

Bramwel alipewa kiti kinachoelekea meza. Aliketi na kofia mapajani.

Bwana Maina aliuliza la kwanza kwa Kiingereza, sauti ya kawaida, anamtazama usoni. Bramwel aliona midomo inavyokwenda. Aliona jino la dhahabu. Neno lilimfikia kwa mbele, likamgonga kwenye paji la uso, likaanguka. Hakuwa amewahi kusikia neno lolote kati ya yale likitoka usoni mwa mtu.

Bwana Maina alirudia. Penseli ya Bi Jepchirchir ilingoja. Jasho lilimtiririka Bramwel mgongoni, na hapo mgongoni ndipo alipojua kosa liko wapi.

"Please, sir," alisema. Aliinuka, akashika kiti, akakigeuza, akaketi ameipa meza mgongo. Mbele yake kulikuwa na ukuta mtupu uliopakwa chokaa.

"Anafanya nini?" Bwana Maina aliuliza.

Pengine kwa kutaka kujua tu mambo yatafika wapi, Bwana Maina aliuliza tena, na safari hii neno lilimfikia Bramwel shingoni. Alilijibu. Akaulizwa la pili, akajibu. La tatu, la nne. Kisha hakungoja kuulizwa. Yalimtoka yenyewe, namba kwa namba, kwa mpango uleule wa karatasi, kila moja na maana yake na mfano wake. Alipofika la kumi na nane Barasa alikuwa ameanza kulegeza tai. Mpango ule ulikuwa wa karatasi ya kabatini, na ufunguo wa kabati alikuwa nao yeye.

"Basi," Bwana Maina alisema. "Barasa, watu wa kwenu hugeuza mgongo wakizungumza na mkubwa?"

Barasa alielewa kwamba mzee alifundishwa na mtu asiyepaswa kumtazama. Alikuwa na mkaza mwana nyumbani kwake, na yeye pia alikuwa akikohoa barabarani kabla ya kuingia. Sentensi moja ingetosha kueleza. Lakini baada ya sentensi hiyo angeulizwa mkaza mwana wa tarishi aliipata wapi karatasi ya kufundishia.

"Hapana, bwana," Barasa alisema. "Ni huyu tu."

"Mzee, geuka."

Bramwel aligeuza kiti.

"Karani atafanya kazi na watu, si na ukuta. Nitazame uniambie moja tu kati ya hizo ulizosema. Moja tu, yoyote."

Bramwel alimtazama. Alifungua mdomo. Aliyatafuta maneno kwenye jino la dhahabu, kwenye tai, kwenye macho yale ambayo hayakuwa na ubaya wowote. Saa ya ukutani ilipiga. Bi Jepchirchir aliinamisha kichwa, akajifanya anachonga penseli.

Saa saba mchana majina mawili yalibandikwa mlangoni. Moja lilikuwa la Khisa. Bi Jepchirchir alimwambia Bramwel, kwa sauti ndogo, kwamba yeye alikuwa amemwekea kumi na nane, na kwamba Khisa alikuwa na tatu.

"Tatu zipi?" Bramwel aliuliza.

"Sikumbuki, mzee. Alicheka vizuri."

 

Nyumbani aliketi kwenye kigoda chake, mgongo ukutani.

"Baba?" sauti ilisema. "Walikuuliza?"

"Waliniuliza."

"Ulisema?"

"Nilisema kumi na nane. Ukutani." Alieleza jinsi ilivyokuwa, kwa maneno machache. Jescah alishika kichwa.

"Mimi ndiye nimekuharibia, Baba," Priscah alisema baadaye.

"Wewe umenifundisha. Kiti ni mimi niligeuza."

Siku mbili walifunga mizigo. Walikuwa wanarudi kwao karibu na Buyangu, pembeni mwa msitu, kwenye nyumba yenye nusu ya paa. Jescah alimwambia mumewe atoe vitu vya rafuni. Bramwel alishusha taa, akashusha vikombe, akafungua kopo la majani ya chai aone kama kuna kilichobaki.

Barua ilikuwa inanuka chai. Aliitambua kwa muhuri. Barua za namna hiyo alikuwa amezibeba miaka kumi na minne bila kufungua hata moja. Maneno mengi hakuyajua. Jina la Priscah alilijua. Lugari alilijua. Kisha, mstari wa tatu, aliliona "take" limesimama, na nyuma yake "up", na mbele kidogo "post", na tarehe kumi na tisa. Aliisoma sentensi nzima. Ilikuwa sentensi ya kwanza ya Kiingereza aliyoisoma maishani mwake akaielewa bila mtu kumwambia.

"Jescah, leo ni tarehe ngapi?"

Jescah aligeuka, akaiona karatasi mkononi. "Ishirini na nane," alisema, akaketi juu ya godoro lililofungwa. Jibu la ile wiki moja lilikuwa halijafika.

Bramwel alisogea ukutani. Hakuketi. "Mama Ayuma."

"Baba."

"Namba kumi na moja."

Jikoni mwiko uliwekwa chini.

"Nimeisoma," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Ulijua wakati ule?"

"Nilijua."

Asubuhi alivaa sare ya utarishi, ingawa ilitakiwa ioshwe na kurudishwa, akatia barua mfukoni na kupanda basi la Lugari. Kupeleka barua ndiyo kazi aliyoijua. Njia nzima alitunga sentensi moja.

Shule ilikuwa kwenye ghala la mahindi la Mzungu aliyekwenda zake. Mkuu wa shule, Bwana Patroba, alitoka nje na chaki vidoleni. Bramwel alivua kofia. Alimtazama usoni, macho kwa macho, akasema kwa Kiingereza, pole pole, kila neno mahali pake:

"Sir, she did not take up her post because she was taking care of me."

Ilitoka yote, kwamba hakuanza kazi yake kwa sababu alikuwa akimtunza yeye. Bwana Patroba hakujua kwamba kuna jambo lolote limetokea. Alijibu kwa Kiswahili, kwa upole.

"Nimeelewa, mzee. Barua yake ya kuomba wiki tuliipata. Tulingoja mpaka ishirini na mbili. Lakini watoto hamsini na watatu hawawezi kufundishwa na barua. Mwingine amekuja, ameshaanza."

"Na huyu wangu?"

"Aandike tena. Labda mwakani, labda mwaka mwingine. Wanaongoja ni wengi."

Bramwel alirudi Amalemba jua likiwa bado juu. Hakukohoa barabarani. Aliupita mlango wa sebule na kigoda chake ndani, akazunguka nyumba na kuinama kwenye mlango wa jiko. Priscah alikuwa anapepeta unga. Alimwona, akajifunika uso kwa kanga ya mtoto.

"Ondoa," Bramwel alisema. "Jambo hili siwezi kulisema na ukuta."

Kanga ilishuka kidogo kidogo. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Chini ya jicho la kushoto alikuwa na kovu ambalo Bramwel hakuwa akilijua.

"Wamempa mtu mwingine," alisema. "Nimekula kazi yako."

"Si wewe peke yako, Baba," Priscah alisema. Hakuinamisha macho. "Hata mimi niliandika ile barua ya wiki moja."

Mideva aliwaona kutoka uani. Habari ilifika Buyangu kabla ya mizigo, na wazee wa ukoo wakawa wameshakaa na kuamua Bramwel atoe kondoo kwa kuingia jikoni kwa mke wa mwanawe na kumtazama usoni. Alimtoa siku hiyo hiyo, na hakubishana.

Tarehe thelathini na moja waliirudisha nyumba na ufunguo wake. Kilichokwenda ni hiki. Jogoo mmoja, aliyeliwa kwa Barasa. Kondoo mmoja, aliyeliwa na wazee. Nauli ya Lugari, kwenda na kurudi. Siku ishirini na moja. Vyumba viwili vya Amalemba, vyenye saruji chini. Kazi ya tarishi, ya miaka kumi na minne, iliyokuwa inalipa shilingi mia moja na kumi kwa mwezi. Na kazi ya mwalimu kule Lugari, ambayo hakuna mtu katika nyumba ile aliyeuliza mshahara wake mpaka ilipokwisha kupotea. Ilikuwa inalipa mia mbili na ishirini.